Saa 72 katika Njia ya Ujiji: Vidonge vya Dharura Huzuia Mimba kwa Kiasi Gani?

Uzuiaji mimba wa dharura ni jina la jumla la njia zinazotumika baada ya kujamiiana bila kinga, au baada ya kinga kushindwa, kwa mfano kondomu inapopasuka au tarehe ya sindano ya uzazi wa mpango inapopita kwa wiki nyingi bila mwanamke kurudi zahanati, ili mimba isitungwe. Katika maduka ya dawa ya Tabora mjini, kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, njia hiyo inajulikana zaidi kwa jina fupi la P2, lililotokana na Postinor-2, dawa ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungary, na wanunuzi wengi hulitumia jina hilo hata wanapopewa dawa ya kampuni nyingine kabisa. Anayeuliza dukani kama P2 inazuia mimba hujibiwa kwamba inazuia. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu, kwa kuwa dawa ileile iliyomwokoa mwanamke mmoja wiki iliyopita inaweza kumwacha mwenzake na mimba wiki hii, na tofauti baina ya wawili hao haitokani na ubora wa dawa bali na siku, saa, na wakati mwingine dawa nyingine walizokuwa wakizitumia.

Mkoa wa Tabora una sababu zake za kulipa swali hili uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, asilimia 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, na kwamba Tabora kiwango hicho kilifikia asilimia 43, kikipitwa na cha jirani yake Katavi pekee, ambako kilikuwa asilimia 45. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 22, jambo la kutia moyo, ingawa kanda ya magharibi haijawahi kufuata wastani wa taifa kwa urahisi. Sheria nayo inafanya mimba isiyotarajiwa kuwa jambo zito: tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na utoaji mimba unaruhusiwa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu, hali ambayo haijauzuia kutendeka. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake zilitolewa mimba 405,000 nchini, nyingi kwa njia za hatari.

Yako pia mazingira ya mahali penyewe. Njia ya kale ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, kisha ikagawanyika, tawi moja likienda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikaa safarini kwa miezi, na mwanahistoria Stephen Rockel ameeleza jinsi wanawake walivyokuwa sehemu ya misafara hiyo, jambo lililosahauliwa kwa sababu waandishi wa Kizungu wa karne ya 19 walihesabu bunduki na pembe za ndovu kuliko walivyowahesabu wanawake. Mwendo huo haujakoma, umebadili vyombo tu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, malori ya Rwanda na Burundi hupita Igunga na Nzega usiku na mchana, na kila msimu wa tumbaku vibarua kutoka Kigoma huingia katika mashamba ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Mahali penye wapita njia wengi, sehemu kubwa ya mahusiano haina ratiba, na asiye na ratiba ndiye anayekuwa wa kwanza kuhitaji njia ya dharura.

Ili kuelewa kidonge hiki kinafanya nini mwilini, ni lazima kuanza na yai. Katika kila mzunguko wa hedhi, ovari moja hukomaza yai, na muda mfupi kabla yai hilo halijatoka, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni iitwayo LH, ambayo ndiyo amri ya yai kuachiwa. Yai lililokwisha kutoka huishi kwa saa 12 hadi 24 hivi, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke hadi siku tano zikilisubiri. Kwa sababu hiyo siku za kushika mimba katika mzunguko mmoja ni sita, yaani tano za kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka kwenyewe, kama walivyothibitisha Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani mwaka 1995, ambao waliona uwezekano wa mimba ukipanda kutoka takribani asilimia 10 siku tano kabla ya yai kutoka hadi asilimia 33 siku yenyewe. Nje ya siku hizo sita uwezekano huo karibu haupo. Ugumu ni kwamba wanawake wengi hawazijui siku zao kwa uhakika, na hata wanaozijua hukuta mzunguko umehama kwa sababu ya ugonjwa, safari au kunyonyesha.

Dawa iliyomo katika P2 ni levonojestreli, homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni ya mwilini. Ikimezwa kabla LH haijaanza kupanda, huchelewesha au huzuia yai kutoka, na mbegu za kiume hubaki zikisubiri yai lisilokuja hadi zinakufa. Ikimezwa baada ya LH kuanza kupanda, amri imekwisha kutolewa na dawa haina tena uwezo wa kuirudisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao ulipima homoni za damu ili kujua kila mwanamke alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko alipomeza kidonge, ulikuta kwamba miongoni mwa waliomeza kabla ya yai kutoka hakuna aliyepata mimba, na mimba zote zilizotokea zilikuwa za waliomeza baada ya yai kutoka, kana kwamba hawakumeza kitu.

Matokeo hayo yanajibu maswali mawili kwa mara moja. La kwanza ni kama kidonge kinatoa mimba, swali ambalo si dogo katika mji uliolelewa na Waislamu wa misafara, wamisionari wa Kikatoliki na Wamoravia, na ambalo mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona. Kisayansi jibu liko wazi: kidonge hakiwezi kuondoa mimba iliyokwisha kujishika, wala hakijaonekana kudhuru mimba ambayo mwanamke hakujua kuwa anayo, na mwezi Desemba mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadili maelezo rasmi ya dawa hiyo ili yaseme kwamba inazuia yai kutoka na si kulizuia yai lililorutubishwa lisijishikize. Kanisa Katoliki linapinga njia zote za kisasa za kuzuia mimba kwa misingi yake lenyewe, na hoja hii haiugusi msimamo huo, lakini ni vyema ubishi ufanyike juu ya kile ambacho dawa inafanya kweli. Swali la pili ni kwa nini dawa nzuri inashindwa, na jibu lake ni lilelile: inashindwa pale yai linapokuwa limeitangulia.

Hapo ndipo asilimia zinazotajwa kwenye vikaratasi vya dawa zinapohitaji kufafanuliwa, maana karibu kila mtu huzisoma vibaya. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 14, ambalo lililinganisha levonojestreli na njia ya zamani iliyoanzishwa miaka ya 1970 na daktari Albert Yuzpe wa Kanada, inayotumia vidonge vya kawaida vya majira vyenye homoni mbili. Kati ya wanawake 976 waliopewa levonojestreli, 11 walipata mimba, na kati ya 979 waliotumia njia ya Yuzpe, 31 walipata mimba. Watafiti walitangaza kwamba levonojestreli ilizuia asilimia 85 ya mimba na Yuzpe asilimia 57. Msomaji wa haraka ataelewa kwamba katika kila wanawake 100 waliomeza levonojestreli, 15 walipata mimba, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kwa kuwa waliopata mimba walikuwa karibu 1 tu katika kila 100.

Asilimia 85 inahesabiwa kutoka kwenye mimba zilizotarajiwa, si kutoka kwenye idadi ya wanawake. Watafiti waliangalia kila mwanamke alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko alipojamiiana, wakakadiria kwamba bila dawa kundi lile lingepata mimba zaidi ya 70, kisha wakalinganisha makadirio hayo na zile 11 zilizotokea. Hawakuweza kulipa kundi jingine kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha moja kwa moja, kwa sababu kumwacha mwanamke aliyekuja kutafuta msaada aondoke na kidonge bandia ni kinyume cha maadili ya utabibu. Kwa hiyo idadi ya mimba zilizozuiwa ni makadirio yanayotegemea kumbukumbu ya mwanamke juu ya tarehe ya hedhi yake, na wataalamu wenyewe hawakubaliani juu yake. Wengine, wakianzia kwenye ulinganisho na njia ya Yuzpe peke yake, wamesema kwamba kinachoweza kuthibitishwa bila shaka ni kuwa levonojestreli inazuia angalau asilimia 49 ya mimba ambazo zingetokea, na majaribio ya baadaye yamekuta wanaopata mimba baada ya kuimeza ni kati ya 1 na 3 hivi katika kila 100.

Kuna jambo jingine limejificha ndani ya tarakimu hizo, nalo linaeleza sifa ya P2 mitaani kuliko matangazo yoyote. Katika wanawake wale 976, zaidi ya 900 wasingepata mimba hata kama wangekunywa maji matupu, kwa kuwa hawakuwa katika siku zao sita au bahati haikuwaangukia. Mwanamke wa aina hiyo akimeza kidonge na hedhi ikaja, husema kidonge kimemsaidia, na husema hivyo kwa moyo mweupe. Kwa utaratibu huohuo, chai ya rangi iliyokolea, maji ya limau, kujiosha kwa sabuni mara baada ya tendo, na vijiti vya dawa vifungwavyo kiunoni, vyote vimejipatia mashahidi wengi wa kweli, ingawa hakuna hata kimoja kinachozuia mimba: mbegu za kiume hupenya mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, kabla maji hayajatekwa wala chai haijachemka. Ushuhuda wa jirani, uwe wa kidonge au wa limau, hautoshi kupima njia ya kuzuia mimba, na hili ndilo jambo ambalo wauza dawa wengi wangepaswa kulieleza lakini hawalielezi.

Muda nao una hesabu yake. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kwamba levonojestreli ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa ilipomezwa ndani ya saa 24, asilimia 85 kati ya saa 25 na 48, na asilimia 58 kati ya saa 49 na 72, na kutoka hapo ndipo ulipotoka usemi wa saa 72 unaorudiwa kila mahali. Uchambuzi wa baadaye, uliojumlisha majaribio kadhaa ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba uwezo wa dawa haushuki kwa ngazi zilizo wazi hivyo, bali hubaki karibu sawa kwa siku nne za kwanza kisha hupungua sana siku ya tano. Uchambuzi huo haupingani na ushauri wa kuwahi. Mwanamke asiyejua yai lake litatoka lini hana faida yoyote katika kusubiri, kwa kuwa kila saa inayopita inaweza kuwa ndiyo saa ambayo LH inaanza kupanda.

Tabora hesabu hiyo hukutana na barabara. Safari ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilichukua miezi mitatu hivi, na leo mtu wa Urambo anaweza kufika Tabora mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 90, kwa saa mbili. Lakini si kila mwanamke wa Urambo anaishi kando ya lami. Vijiji vya wakulima wa tumbaku vimetawanyika ndani ya miombo, mvua za Novemba hadi Aprili hukata njia za bodaboda, nauli hutoka mfukoni mwa mume au baba ambaye pengine ndiye asiyetakiwa kujua, na zahanati nyingi hulala mwishoni mwa wiki kwa huduma zisizo za uzazi au ajali. Anayejamiiana bila kinga Ijumaa saa nne usiku na kufika zahanati Jumatatu saa mbili asubuhi amekwisha kutumia saa 58, na hapo hajakutana bado na swali la kama dawa ipo. Vidonge vya P2 havipo katika kila duka la dawa muhimu la kijijini, na vilipo havina budi kuangaliwa tarehe ya kuisha muda na alama za usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kama dawa nyingine yoyote.

Zahanati isiyo na P2 mara nyingi ina vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, na hapo njia ya Yuzpe, ijapokuwa dhaifu, bado ina kazi. Mwanamke humeza vidonge vinne vyenye homoni mbili, vile ambavyo kila kimoja kina maikrogramu 30 za ethinilestradioli na 150 za levonojestreli, kisha vinne vingine baada ya saa 12, akiepuka vile vya rangi ya kahawia vilivyo mwishoni mwa pakiti, ambavyo ni vya madini ya chuma tu. Kichefuchefu huwa kikubwa, na akitapika ndani ya saa mbili hana budi kurudia. Ni busara afanye hivyo kwa kuelekezwa na mtoa huduma, maana pakiti hazifanani. Kuhusu P2 yenyewe, jaribio jingine la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 4,000, lilithibitisha kwamba kumeza miligramu 1.5 kwa mkupuo ni sawa kabisa na kumeza nusu mbili kwa kupishana saa 12, kwa hiyo mwenye pakiti ya vidonge viwili na avimeze pamoja, kwani kidonge cha pili kilichosahauliwa ni hasara isiyo na sababu.

Kipo kidonge chenye nguvu zaidi, kiitwacho ulipristali, ambacho hufanya kazi hata baada ya LH kuanza kupanda na hutumika hadi saa 120, yaani siku tano. Majaribio yaliyokusanywa na Anna Glasier na wenzake mwaka 2010 yalikuta kwamba, kwa waliotumia ndani ya saa 72, wanawake 14 katika kila 1,000 walipata mimba kwa ulipristali na 22 kwa levonojestreli. Ni dawa nzuri, lakini haijazoeleka katika maduka ya Tabora na haina haja ya kutuchelewesha.

Kinachostahili kutuchelewesha ni kitanzi. Kitanzi cha shaba, kile chenye umbo la herufi T, kinaweza kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi hadi siku tano baada ya kujamiiana, na hakuna njia ya dharura inayokikaribia kwa uhakika. Uchambuzi wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti 42 za zaidi ya miaka 30 kutoka nchi sita, ulihesabu vitanzi 7,034 vilivyowekwa kwa dharura na kukuta kiwango cha mimba cha asilimia 0.09, yaani chini ya 1 katika kila wanawake 1,000. Shaba huua nguvu za mbegu za kiume kabla hazijalifikia yai, na yawezekana pia huzuia yai lililorutubishwa kujishikiza, jambo ambalo mwenye shaka ya kidini ana haki ya kuelezwa waziwazi kabla ya kuamua. Tofauti na kidonge, kitanzi hakijali kama LH imepanda. Kisha hubaki mahali pake kikiendelea kuzuia mimba kwa muda wa angalau miaka 10, na siku mwanamke anapotaka mtoto kinatolewa na uwezo wake wa kuzaa hurudi.

Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba njia iliyo bora kuliko zote ndiyo isiyotajwa kabisa pale mwanamke anapouliza dukani. Sababu ziko kadhaa. Kitanzi hakiuzwi kaunta. Kinahitaji muuguzi au tabibu aliyefunzwa, chumba chenye faragha na vifaa vilivyochemshwa vizuri, mambo yanayopatikana hospitali ya mkoa ya Kitete, hospitali za misheni za Nkinga na Ndala na vituo vya afya, lakini hayana uhakika katika kila zahanati. Muuza duka hapati chochote kwa kumwelekeza mteja hospitali ambako huduma za uzazi wa mpango za serikali hutolewa bure. Uvumi nao una nguvu: kwamba kitanzi husafiri hadi moyoni, kwamba humchoma mwanamume, kwamba msichana ambaye hajazaa hawezi kuwekewa. Yote matatu si kweli, ingawa ni kweli kwamba hedhi huwa nzito na maumivu ya tumbo huongezeka miezi ya mwanzo, na kwamba mwenye maambukizi ya njia ya uzazi hana budi kutibiwa kwanza. Katika utafiti ule wa mwaka 2015-16, asilimia 1 tu ya wanawake walioolewa nchini walikuwa wakitumia kitanzi, ilhali sindano ilitumiwa na asilimia 13. Elimu nayo ilipata pigo mwezi Septemba mwaka 2018, pale Wizara ya Afya ilipoagiza kusimamishwa kwa matangazo ya uzazi wa mpango ya mradi mmoja uliofadhiliwa na Marekani, na pengo la namna hiyo huzibwa na kijiwe cha bodaboda.

Mambo mawili zaidi hupunguza nguvu za kidonge, nayo hayaulizwi dukani. La kwanza ni uzito wa mwili: tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba levonojestreli inashindwa mara nyingi zaidi kwa wanawake wanene sana, ingawa hawakatazwi kuitumia. La pili ni dawa nyingine. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, na efavirenzi iliyokuwa nguzo ya matibabu ya virusi vya UKIMWI, huharakisha ini kuivunja levonojestreli, na efavirenzi hupunguza kiasi chake katika damu kwa zaidi ya nusu. Madaktari wa Uingereza hushauri kitanzi kwa wanawake wa aina hiyo, au dozi maradufu ya kidonge pale kitanzi kinapokosekana. Dolutegraviri, ambayo Tanzania ilianza kuitumia badala ya efavirenzi mwaka 2019, haina tatizo hilo, ila mgonjwa wa kifua kikuu bado analo.

Waathirika wa ubakaji ni kundi la pekee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya mazingira ya wakimbizi, uliweka uzuiaji mimba wa dharura miongoni mwa huduma za lazima, na mkoa wa Kigoma, ambako njia ya misafara iliishia, una kambi kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ambamo haja hiyo imekuwa ya kila siku. Kwa raia wa kawaida, desturi ya kwenda polisi kwanza kuchukua fomu ya PF3 ndipo aende hospitali imekula saa nyingi za waathirika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI nazo zina ukomo wa saa 72, na kidonge cha dharura hakizuii virusi hivyo wala ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa hiyo anayempeleka mwathirika ana wajibu wa kudai vyote viwili kwa wakati mmoja.

Baada ya kumeza kidonge, hatari haijaisha. Kwa kuwa dawa imechelewesha yai, yai hilo litatoka siku chache baadaye, na tendo jingine bila kinga katika wiki hiyohiyo linaweza kuwa la hatari kuliko lile la kwanza. Wengi wanaolalamika kwamba P2 iliwaangusha waliangushwa na tendo hili la pili. Pengine hii ni sehemu ya sababu ya matokeo yaliyowashangaza wataalamu mwaka 2007, pale Elizabeth Raymond na wenzake walipochambua tafiti 23 kutoka nchi 10 na kukuta kwamba kuwapa wanawake vidonge vya dharura kwa urahisi kuliongeza matumizi yake, lakini hakuna hata utafiti mmoja ulioonyesha kwamba idadi ya mimba zisizotarajiwa katika jamii ilipungua. Kidonge kinamsaidia mwanamke mmoja mwenye dharura moja. Kama mpango wa mwaka mzima, kinashindwa na sindano, vipandikizi na kitanzi vyote, na anayejikuta akikinunua kila mwezi anahitaji njia nyingine, wala hahitaji kukaripiwa.

Anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, awe Tabora, Nzega au Ujiji, na kabla hajapokea fedha aulize mambo matatu: tendo lilitokea saa ngapi na siku gani, hedhi ya mwisho ilianza lini, na kama mteja anatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au virusi vya UKIMWI. Kisha amwambie kwamba kipo kitanzi, kinawekwa bure ndani ya siku tano, na amtajie kituo cha karibu chenye mtaalamu wa kukiweka. Naye mteja aliyemeza kidonge, hedhi ikichelewa kwa zaidi ya siku saba, apime mimba bila kungoja mwezi mwingine.